Tom Kilburn, Mwingereza aliyeiondolea mikono ya watu kazi ya memori

MASISI/WALIKALE – Tom Kilburn alifariki mjini Manchester, Uingereza, tarehe 17 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 79. Siku hizo hizo, huku jimbo la Kivu Kaskazini, teritwari za Masisi na Walikale zilikuwa ndani ya homa ya koltani. Bei ya madini hayo ilikuwa imepanda mara kadhaa katika mwaka 2000, kwa sababu viwanda vya simu na kompyuta viligombania tantali inayotoka ndani yake. Wakulima wengi waliacha jembe wakashika chepe na beseni.

Katika vyumba vya kazi vya Chuo Kikuu cha Manchester, Kilburn ndiye aliyesaidia kuzaa kitu ambacho leo kinaitwa memori ya kompyuta. Miaka 14 baadaye aliongoza kundi lililogundua namna ya kuifanya memori ndogo ionekane kubwa. Njia hiyo ndiyo mzazi wa kile ambacho mafundi wa seva za Unix na Linux wanakiita swapu. Kila simu na kila seva inayojengwa kwa bati la Walikale na tantali ya Masisi inatumia kazi ya mtu huyo.

Maisha yake ni ya mtu mmoja aliyepambana na uhaba mmoja kwa zaidi ya miaka 30: memori haitoshi, na ile inayotosha ni ghali.

Kijana wa Dewsbury

Kilburn alizaliwa tarehe 11 Agosti 1921 mjini Dewsbury, katika eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, wenye moshi na watu wa kazi. Shuleni, katika Wheelwright Grammar School, alionekana mapema kuwa na kipaji cha hesabu, na mkuu wa shule alimruhusu kuzama katika somo hilo kuliko mengine yote.

Mwaka 1940 alikwenda Cambridge, katika chuo cha Sidney Sussex, kusoma hesabu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza, na masomo yalifupishwa ili vijana wapatikane haraka kwa kazi za taifa. Kufikia 1942 alikuwa amemaliza kwa daraja la kwanza. Badala ya kupelekwa uwanja wa mapigano, alipewa mafunzo ya haraka ya umeme na elektroniki, kisha akatumwa Malvern, kwenye kituo cha serikali kilichofanya utafiti wa rada.

Huko alikutana na Frederic Williams, mhandisi aliyekuwa tayari na jina kubwa. Williams alikuwa anangoja msaidizi mwenye uzoefu. Akaletewa kijana wa miaka 21, mwanahesabu ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza elektroniki. Mwanzo haukuwa wa furaha kwa mkubwa huyo, lakini miezi haikuwa mingi Kilburn akawa mtu wa kutegemewa katika kundi lake. Mwaka 1943 alioa Irene Marsden, na ndoa hiyo ilidumu hadi kifo cha mke huyo mwaka 1981.

Kazi ya Malvern ilikuwa kutengeneza saketi za rada na kurekebisha zile zilizokataa kufanya kazi. Ilimfundisha Kilburn jambo ambalo vitabu vya hesabu havikumfundisha: jinsi ya kufanya mashine isiyotulia itulie.

Kioo kinachosahau

Vita ilipoisha mwaka 1945, wataalamu wa Marekani na Uingereza walijua kwamba mashine za kupiga hesabu kwa umeme zinawezekana. Jambo moja liliwazuia. Mashine zilizokuwepo zilikuwa na lampu maelfu na zilipiga hesabu kwa kasi, lakini hazikuwa na mahali pa haraka pa kuweka maagizo ya kazi pamoja na namba. Kubadilisha kazi kulitaka watu wachomoe nyaya na kuzichomeka upya. Pasipo memori, mashine ilikuwa na nguvu lakini haikuwa na akili ya kukumbuka inachofanya.

Williams alianza kujaribu tyubu ya katodi, yaani kile kioo kilichotumika katika rada na baadaye katika televisheni za zamani. Mwishoni mwa 1946 alifaulu kuhifadhi biti moja tu: ndiyo au hapana, moja au sifuri. Desemba mwaka huo alihamia Chuo Kikuu cha Manchester kuwa profesa, na Kilburn akamfuata.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Mshale wa elektroni unapopiga kioo kwa ndani, unaacha chaji ndogo ya umeme mahali ulipopiga. Sahani ya chuma iliyowekwa nje ya kioo inaweza kuhisi kama chaji ipo au haipo. Tatizo ni kwamba chaji hiyo inayeyuka kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde. Kioo kinasahau. Dawa waliyoipata ilikuwa kuisoma chaji kabla haijapotea na kuiandika tena mahali pale pale, bila kupumzika, muda wote mashine inapokuwa imewashwa.

Mwaka 1947 wote Kilburn alishughulika kuongeza biti kwenye kioo kimoja. Kutoka biti moja, alifika 2,048 kabla ya mwaka kwisha. Ripoti aliyoandika Desemba 1947 ilisambaa Uingereza na Marekani na kusomwa na karibu kila aliyekuwa anajaribu kujenga kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyompa shahada ya udaktari mwaka 1948.

Kwa miaka mingi kifaa hicho kiliitwa tyubu ya Williams. Baadaye wanahistoria walianza kuongeza jina la pili, na leo vitabu vingi vinaandika tyubu ya Williams na Kilburn. Kampuni ya IBM ilinunua haki ya kuitumia, na kompyuta yake ya IBM 701, iliyotangazwa mwaka 1952, ilikumbuka kwa vioo vya namna hiyo.

Memori za leo si vioo tena, bali ni vipande vya silikoni. Hata hivyo, memori ya kawaida ya kompyuta bado inasahau kwa muda mfupi sana, na bado inasomwa na kuandikwa upya mara nyingi kila sekunde. Ndiyo maana umeme ukikatika, kila kilichokuwa ndani yake kinapotea. Mtu wa Masisi au Walikale aliyepoteza barua ambayo hakuisevu kwa sababu jenereta ilizima, amekutana na tabia ile ile ambayo Kilburn alipigana nayo mwaka 1947.

Dakika 52 za Juni 1948

Ili kuhakikisha kwamba memori hiyo inafaa kweli, Kilburn na mwenzake Geoff Tootill walijenga mashine ndogo ya kuijaribu. Waliiita Baby, yaani mtoto mchanga. Kwa udogo wake wa akili, mwili wake haukuwa mdogo: ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 5 na uzito wa karibu tani 1.

Memori yake ilikuwa mistari 32 ya biti 32, jumla biti 1,024. Hiyo ni sawa na baiti 128. SMS moja iliyojaa, ya herufi 160, inachukua baiti 140. Kwa maneno mengine, kompyuta hiyo nzima isingeweza kushika SMS moja.

Tarehe 21 Juni 1948, Baby ilipewa programu ya maagizo 17 aliyoiandika Kilburn mwenyewe. Kazi ilikuwa kutafuta namba kubwa kuliko zote inayoweza kugawa 262,144 bila kubaki kitu, ukiacha namba hiyo yenyewe. Jibu lake lilijulikana tayari kuwa 131,072. Kilichotafutwa ni kuona kama mashine ingeweza kufanya kazi kwa muda mrefu bila memori kuteleza. Ilikwenda dakika 52, ikafanya hatua karibu milioni 3.5, kisha jibu sahihi likatokea kwenye kioo.

Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kompyuta ya elektroniki kutekeleza programu iliyohifadhiwa ndani ya memori yake yenyewe, pamoja na namba zake. Kilburn alikuwa na miaka 26.

Ngoma nyuma, meza mbele

Mtoto alikua haraka. Mwaka 1949 mashine kubwa zaidi, Manchester Mark 1, ilikuwa inafanya kazi. Februari 1951 kampuni ya Ferranti ilileta chuoni toleo la kuuzwa, moja ya kompyuta za kwanza za biashara duniani. Mwanahesabu Alan Turing, ambaye alijiunga na Manchester mwaka 1948, ndiye aliyeandika kitabu cha kuwafundisha watu kuitumia.

Mark 1 ilikuwa na aina mbili za memori. Ya kwanza ni vile vioo, vyenye kasi lakini vidogo na ghali. Ya pili ni ngoma ya sumaku: silinda inayozunguka, inayoweza kubeba mengi kwa bei nafuu, lakini ya polepole sana.

Mfanyabiashara wa soko la Masisi anafahamu mpango huo bila kufundishwa. Mbele ana meza ndogo, nyuma ana depo. Kile mteja anachotaka sasa kinakaa mezani: maharagwe kidogo, viazi kidogo, jibini. Magunia yanabaki depo. Meza ikijaa, kitu lazima kirudi nyuma ili kingine kipate nafasi.

Katika Mark 1, aliyebeba magunia alikuwa mtunga programu. Ni yeye aliyepaswa kuandika, ndani ya programu yake, lini kipande fulani kitoke kwenye ngoma kiende kwenye kioo, na kipi kiondolewe kumpisha. Vipande hivyo viliitwa kurasa, na jina hilo limebaki hadi leo. Kazi hiyo ilichosha. Mtu aliyekuja kupiga hesabu za daraja au za kemia alitumia siku nyingi akipanga safari za kurasa, na akikosea hesabu moja, kazi yote iliharibika.

Atlas na memori ya ngazi moja

Miaka ya 1950 Kilburn aliendelea kujenga. Mwaka 1953 vijana waliofanya kazi chini yake walionyesha kompyuta iliyotumia transista badala ya lampu, miongoni mwa za kwanza duniani. Mwaka 1956 alianza mradi mkubwa kuliko yote, ambao baadaye Ferranti iliungana nao na kuupa jina la Atlas. Mwaka 1960 akawa profesa wa uhandisi wa kompyuta.

Atlas ilizinduliwa rasmi tarehe 7 Desemba 1962. Ilikuwa miongoni mwa kompyuta zenye nguvu zaidi duniani wakati huo. Memori yake ya haraka, iliyojengwa kwa vipete vidogo vya sumaku, ilikuwa na maneno 16,384 ya biti 48. Nyuma yake kulikuwa na ngoma zenye maneno 98,304, mara 6 zaidi, lakini kufikia neno moja kwenye ngoma kulichukua muda mara elfu kadhaa kuliko kwenye vipete.

Hapa ndipo Kilburn na wenzake David Edwards, Michael Lanigan na Frank Sumner walipofanya jambo lililobadilisha kompyuta zote zilizofuata. Waliamua kwamba mtunga programu asijue tena kipi kipo mezani na kipi kipo depo. Yeye ataona memori moja kubwa. Mashine yenyewe itahangaika na mengine.

Waligawa memori katika kurasa za maneno 512, hivyo memori ya haraka ikawa na nafasi 32. Kila nafasi ilipewa kifaa kinachojua ni ukurasa gani umekaa hapo. Programu ilipoomba neno fulani, vifaa vyote 32 viliulizwa kwa wakati mmoja. Ukurasa ukiwepo, kazi iliendelea. Usipokuwepo, programu ilisimamishwa kidogo, mashine ikauleta kutoka kwenye ngoma, kisha programu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Likabaki swali gumu: meza ikijaa, ni ukurasa gani utolewe? Ukitoa ule utakaohitajika baada ya muda mfupi, umepoteza kazi. Kundi la Manchester liliandika programu iliyofuatilia jinsi kila ukurasa ulivyotumika huko nyuma, ikakisia ni upi utakaokaa muda mrefu bila kuitwa, na kuutoa huo.

Mwaka 1962 walichapisha maelezo ya mpango huo na kuuita mfumo wa memori ya ngazi moja. Siku hizi unaitwa memori ya kubuni. Si wote walioukubali mara moja. Wengine waliogopa kwamba mashine ikiachiwa kazi hiyo itakuwa mzito kuliko binadamu makini. Kampuni ya IBM yenyewe ilingoja hadi mwaka 1972 kabla ya kuitangaza kwa kompyuta zake za kawaida za biashara, miaka 10 baada ya Atlas.

Kutoka Manchester hadi seva za Unix

Kilburn hakujenga Unix. Mfumo huo ulianza mwaka 1969 nchini Marekani, katika maabara za Bell, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Unix ya mwanzo ilikuwa na njia ya kibabe ya kupambana na uhaba: memori ikijaa, programu nzima ilitolewa na kuwekwa kwenye diski, kisha baadaye ikarudishwa yote. Ni kama mfanyabiashara anayefagia meza yote kila anapokuja mteja mpya. Hapo ndipo lilipotoka neno swapu, yaani kubadilishana nafasi.

Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Berkeley, California, kilitoa toleo la Unix linaloitwa 3BSD, ambalo liliingiza kurasa kwa mpango wa ukoo wa Atlas. Tangu hapo Unix iliweza kutoa ukurasa mmoja mmoja badala ya programu nzima. Linux, ambayo leo inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, imerithi njia hiyo. Neno swapu lilibaki, ingawa kinachofanyika ndani ni kile cha Manchester.

Kwenye seva ya leo, swapu ni sehemu ya diski iliyotengwa kupokea kurasa ambazo memori haina nafasi nazo, au ambazo hazijaguswa muda mrefu. Programu iliyolala usiku kucha inapelekwa depo, na nafasi yake inapewa ile inayofanya kazi.

Fundi anayeitegemea swapu kupita kiasi anaadhibiwa. Kama kurasa zinazohitajika kila wakati ni nyingi kuliko meza, mashine inatumia muda wake wote ikikimbia kati ya meza na depo. Diski inanguruma, watumiaji wanangoja, kazi haiendi. Wakati Atlas inaanza, tatizo hilo halikuwa na jina; lilikuja kueleweka vizuri baadaye katika miaka ya 1960, na dawa yake haijabadilika: kupunguza programu zinazoendeshwa pamoja, au kuongeza memori. Meza na depo vyote vikijaa kabisa, Linux inachagua programu moja na kuiua ili mashine nzima isife.

Faili zinazokaa mezani

Katika miaka ya 1980 na 1990 wahandisi wa Unix waligeuza wazo hilo upande wa pili. Kama kurasa za memori zinaweza kupelekwa kwenye diski, kwa nini faili zisizodumu, ambazo kawaida huandikwa kwenye diski, zisikae ndani ya memori?

Seva inaandika faili nyingi za muda mfupi: matokeo ya nusu njia, alama za programu inayoendelea, vipande vinavyofutwa baada ya sekunde chache. Kuziandika kwenye diski ni kuchosha diski bure. Kampuni ya Sun Microsystems ilijenga mfumo wa faili unaoitwa tmpfs, ambao faili zake zinaishi ndani ya memori. Berkeley nayo ilieleza wa kwake mwaka 1990, na Linux ikapata tmpfs yake mwaka 2001, katika kizazi cha 2.4.

Uzuri wa tmpfs ni kwamba inakutana na swapu. Faili ikikaa bila kuguswa na memori ikabana, kurasa zake zinaweza kwenda depo kama kurasa nyingine zozote. Mtumiaji haoni tofauti, isipokuwa kasi. Upo mfumo mwingine, ramfs, ambao kurasa zake haziwezi kutolewa na hauna kikomo. Faili zikizidi humo, zinaweza kuibana seva mpaka isimame. Ndiyo maana mafundi wengi wanachagua tmpfs, ambayo kwenye Linux, isipoelekezwa vingine, haivuki nusu ya memori ya mashine.

Kuna sharti moja ambalo halina msamaha, na katika miji ambako umeme unakatika bila taarifa lina uzito zaidi. Kilicho ndani ya tmpfs kinapotea mashine ikizimwa. Hesabu za duka, orodha ya wagonjwa wa kituo cha afya, sauti zilizorekodiwa na redio ya jamii: hivyo vyote mahali pake ni kwenye diski, na nakala ya pili pembeni. Kinachofaa kwenye tmpfs ni kile ambacho kikipotea, hakuna atakayekitafuta.

Kwa yule anayeendesha kazi zake kwa mashine ya mitumba yenye memori ndogo, elimu hiyo ina thamani ya pesa. Seva ya zamani iliyopangwa vizuri, yenye swapu ya kiasi na tmpfs yenye kikomo, inaweza kuhudumia ofisi kwa miaka. Isiyopangwa inalazimisha kununua nyingine.

Udongo wa Rubaya, miamba ya Bisie

Memori na seva hazikai hewani. Vipande vya silikoni vinashikwa kwenye ubao wake kwa lehemu, na lehemu inatengenezwa hasa kwa bati. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani inakwenda kwenye kazi hiyo. Tantali nayo inatumika kutengeneza vifaa vidogo vinavyotunza umeme na kuutuliza, ili ubao usipate mshtuko. Bati linatoka katika kasiterite, tantali katika koltani.

Wakati wa vita ambayo Kilburn alifanyia kazi rada, Japani ilikuwa imeteka machimbo ya bati ya Malaya mwaka 1942, na bati la Kongo ya Wabelgiji likawa muhimu kwa viwanda vya nchi washirika. Baada ya uhuru, mwaka 1976, makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI, ambayo ilidhoofishwa na kuanguka kwa bei ya bati duniani mwaka 1985. Kilichofuata ni wachimbaji wa mikono.

Homa ya mwaka 2000 iliacha alama. Novemba mwaka huo, waasi wa RCD-Goma waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kununua koltani. Bei ilianguka mwaka 2001, na wengi waliouza ng'ombe au kuacha mashamba walibaki mikono mitupu. Walikale iliona homa yake tangu karibu 2002, kasiterite ilipopatikana Bisie. Wabebaji walipita msituni kwa siku mbili na mizigo ya kilo 50 mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya Kilambo kuipeleka Goma.

Bisie leo ina mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, ulioanza uzalishaji mwaka 2019. Machi 2025 ulisimamisha kazi waasi wa M23 walipokaribia na kuingia Walikale-centre, na ukarudi kazini mwezi uliofuata baada ya waasi hao kuondoka. Rubaya, ambako inakadiriwa kutoka karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Udongo wake umewafukia wachimbaji zaidi ya mara moja.

Kilburn alitumia maisha yake kuhakikisha kwamba anayetumia kompyuta habebi mzigo wa mashine. Mzigo wa mtunga programu uliisha Manchester mwaka 1962. Ule wa mchimbaji, kilomita maelfu kutoka hapo, hakuna mashine iliyoupokea.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1964 Kilburn alianzisha idara ya sayansi ya kompyuta ya Manchester, ya kwanza nchini Uingereza, akaiongoza hadi 1980. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1978 jumuiya hiyo ikampa Medali ya Kifalme. Mashine yake ya mwisho, MU5, ilichangia mawazo katika kompyuta za kampuni ya ICL za miaka ya 1970. Alistaafu mwaka 1981, mwaka ule ule alipofiwa na Irene.

Wenzake walimjua kama mtu asiyependa maneno mengi, anayesema jambo moja kwa moja kama watu wengi wa Yorkshire, na shabiki mkubwa wa Manchester United. Hakutafuta umaarufu, na nje ya taaluma yake hakuupata sana.

Tarehe 21 Juni 1998, miaka 50 kamili baada ya zile dakika 52, mfano wa Baby uliojengwa upya uliwashwa mjini Manchester, naye akiwepo. Mfano huo upo hadi leo katika jumba la makumbusho la sayansi na viwanda la mji huo. Jengo la sayansi ya kompyuta la chuo kikuu linaitwa kwa jina lake.

Anayekaa mbele ya mashine ya Linux, iwe Goma, Sake au Walikale, akaiuliza memori imebaki kiasi gani, anajibiwa kwa mistari miwili. Wa kwanza unaonyesha memori halisi. Wa pili, unaoitwa Swap, unaonyesha depo iliyo nyuma. Mstari huo wa pili ulianzia Atlas.